Mizani ya Posta

Mizani yangu ilinunuliwa kwa ajili ya vifurushi:
asali ya kwenda Winipegi, soksi za sufu,
mbegu za nyanya ndani ya bahasha.
Siku hizi inapima ndege.

Huja nazo kwenye mifuko ya makoti,
wavulana wa Lysak, mwalimu wa sayansi,
mama mmoja mkulima wa dengu
asiyeiamini mizani ya jikoni kwake.
Chini ya gramu mia mbili na hamsini
serikali haikutaki mtihani,
haikupi namba ya kuandika ubavuni,
haiulizi cheti.
Ukigusa hapo, hata kwa unyoya, keti usome.
Rimoti haimo. Kinachopaa ndicho kinachopimwa:
betri, mapanga, kibandiko, vumbi.

Jumanne moja ya Machi,
baridi imelegea, nyuzi nane tu chini ya sifuri,
akaingia Orest Hryhoruk, miaka themanini na moja,
betri kaibana kwapani kama yai linaloatamiwa.
Akaipachika. Akaiweka droni juu ya bati.
Mia mbili hamsini na moja.

"Dukani waliniambia mia mbili arobaini na tisa."
"Dukani hawakuipaka rangi, mzee."

Ubavuni, kwa rangi ya kucha, nyekundu,
tabaka juu ya tabaka ili ionekane thelujini:
DOKIA.
Chupa aliikuta kwenye droo ya mkewe,
imebaki robo. Akaona kuliko ikauke.

Haba na haba hujaza kibaba.
Sikujua kibaba chaweza kujazwa na jina.

Nikamfungulia ukurasa wa mtihani. Si mgumu, nikasema.
Akausogeza kwa kidole,
kama anayerudisha sahani ya nyama siku ya mfungo.
Shule aliiachia darasa la sita, mwaka ng'ombe walipougua,
na Kiingereza cha serikali, akasema,
kina milango mingi na vitasa vichache.

Akatoa kisu mfukoni.

Alianzia mwisho. A ikabanduka vipandevipande
juu ya fomu zangu za forodha.
Mizani haikutikisika.
Akaikwangua I. Mia mbili na hamsini.
"Tayari?"
"Sheria inasema chini ya, mzee. Chini ya."
K ilikuwa nene, alipaka siku mkono ulipotetemeka.
Bado mia mbili na hamsini.
Nyuma yake foleni ya watu watatu,
hakuna aliyekohoa.
Ikaondoka O.
Mia mbili arobaini na tisa.

D ikabaki peke yake, tumbo mbele,
vilevile alivyokuwa akisimama Dokia hapa dirishani
akibishana nami bei ya stempu.

Kaburi liko ng'ambo ya bwawa, mita mia nne.
Njia ya kanisani haijafagiliwa theluji
tangu Krismasi yetu, ile ya Januari,
na goti lake halisikii maombi.
Anataka kuona kama msalaba bado umechomoza.
Basi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Huu niliuona ukipimwa, na bado sijui uzito wake.

Nikamwambia yaliyobaki, maana wepesi si ruhusa ya uzembe:
usipite juu ya vichwa vya watu,
ukisikia ndege ya kweli, shusha yako kwanza,
usiiache ipotee machoni,
upepo ukiinuka, usishindane nao.
Kila moja aliitikia "tak", kofia mkononi,
kama yuko mbele ya padri.

Alipotoka niliyakusanya maganda yale mekundu
nikayatia kwenye bahasha.
Mizani ikasoma moja, kisha sifuri, kisha moja.
Nikaizima.

Nje ukaanza mlio, nyuki aliyekosea mwezi,
na sauti ya mzee ikimhimiza,
kwa lugha ya mama yake,
apande, apande kidogo, asiogope.